Kiboko Kilichokosekana

Watu waliosoma husema sinema huanguka kwa sababu hadithi ni mbovu, au wachezaji hawajui kucheza, au mvua imeharibu siku. Mimi naijua moja iliyoanguka Nakuru mwishoni mwa miaka ya hamsini bila msaada wa hayo yote. Mvua haikunyesha. Wachezaji walicheza kadiri ya uwezo wao. Hadithi ilikuwa hafifu kidogo, nakubali, lakini zilizo hafifu kuliko hiyo zilijaza ukumbi. Ile niliiangusha mimi, tena kwa kuisifu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la mzungu upande wa Bahati. Nilikuwa nimesoma kiasi cha kulichukia jembe, lakini si kiasi cha kupata meza ya ofisi. Aliyeniokoa ni Mhindi mmoja mpole wa mjini, ambaye alichoka kuuza vitambaa akageuza stoo yake kuwa ukumbi wa sinema kwa ajili yetu Waafrika. Wazungu walikuwa na jumba lao lenye viti vya kukunja. Sisi tulikuwa na mabenchi, na madirisha yaliyozibwa kwa magunia ya mahindi, kwa sababu siku zile za Hali ya Hatari mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea usiku na sinema ilibidi ianze saa nane mchana. Jua lilipenya kwenye matundu ya magunia, kwa hiyo kila shujaa tuliyemwona alikuwa na madoadoa.

Kazi yangu ilikuwa na pande mbili. Katikati ya wiki nilizunguka mashambani kwa baiskeli nikitangaza sinema inayokuja, na Jumamosi nilisimama kando ya kitambaa cheupe nikifasiri Kiingereza kwa Kiswahili. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Ndiyo maana niliingiwa na baridi siku tajiri wangu aliponiambia kwamba mambo si mazuri, na kwamba sinema inayofuata isipojaza mabenchi mwezi mzima, atafunga ukumbi. Yeye angerudia vitambaa vyake. Mimi ningerudi Bahati kuchuma maua ya pareto.

Sinema yenyewe ilikuwa bado haijafika kutoka Nairobi. Kilichokuwa kimefika ni tangazo la karatasi lenye picha: mwanamume mwenye kofia pana, farasi, mwanamke wa gauni jeupe, na nyuma yao mtu mwingine ameshika kiboko. Basi. Mtu mwaminifu angetangaza kwamba kuna kofia, farasi, gauni na kiboko. Mimi nilikuwa na mwezi mmoja wa kuokoa maisha yangu.

Shamba la kwanza nilisema kidogo tu: mwenye kofia ni mfanyakazi, mwenye kiboko ni nyapara, na wawili hao hawapendani. Shamba la pili nikaongeza chumvi. La tatu, mwenye kofia alikuwa amefukuzwa kwao, mama yake mgonjwa, na nyapara amemnyang'anya mbuzi. Wafanyakazi waliacha ugali ukapoa wakinisikiliza, na kusikilizwa ni kileo kibaya kuliko busaa.

Kwetu nilifika siku ya nne. Watu walikusanyika mchana baada ya kula, na mbele kabisa aliketi mzee mmoja mkamuaji wa ng'ombe. Kambi nzima ilijua habari za mgongo wake. Zamani, akiwa kijana, alimwaga ndoo ya maziwa, na nyapara wa wakati ule akamfundisha kwa kiboko kwamba maziwa yana mwenyewe. Hakuwahi kulizungumza jambo hilo, lakini hata kwenye joto kali hakuvua shati. Nilipomwona ameketi pale, mdomo wangu ulikwenda wenyewe. Nilisema kwamba mwishoni nyapara anainua kiboko, yule mfanyakazi anakidaka hewani, anakivunja kwa goti na kukitupa mtoni, na nyapara anasimama pale na mikono mitupu.

Mzee akaniuliza, "Anavunja kabisa?"

"Vipande viwili, mzee."

Aliniomba nirudie mahali pale, nikarudia. Alitikisa kichwa, akaenda zake zizini akicheka peke yake.

Jumamosi ile meno yaliuma Bahati nzima. Kila mfanyakazi aliyekwenda kuomba pasi ya kuingia mjini alikuwa ameshika shavu, na mzungu wetu, ambaye hakuwa mtu wa maswali mengi, aliziandika akilaumu sukari. Walitoka alfajiri kwa miguu. Saa nane mabenchi yalijaa, wengine wakasimama ukutani, na mzee wangu alikuwa mstari wa mbele ndani ya koti alilovaa Krismasi. Tajiri alinishika mkono mara mbili. Nami nilikuwa naiona sinema hiyo kwa mara ya kwanza, kama wao.

Dakika chache tu zikanitosha kujua kwamba nimekwisha. Mwenye kofia hakuwa mfanyakazi. Ndiye aliyekuwa bwana wa shamba, ekari zisizoonekana mwisho. Yule wa kiboko alikuwa mtunza farasi wake, mtu mpole kabisa, na kiboko chenyewe hakikumgusa hata nzi. Mambo mengine yote yalikuwa maongezi. Mwenye kofia aliongea na mwenye gauni kwenye kibaraza, halafu wakaongea bustanini, halafu, walipoishiwa maneno, akamwimbia.

Nilijitahidi. Mwenye kofia alipomsifu mwanamke kwa macho yake mazuri, mimi nilifasiri kwamba anasikitikia mbuzi wake. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa nini anacheka kama amenyang'anywa mbuzi, nikajibu kwamba ni kicheko cha uchungu. Nilimtafutia mama yake ugonjwa, ingawa mama hakutokea popote. Hivyo nikawavusha mpaka karibu na mwisho, jasho likinitoka, nikiomba Mungu yule mtunza farasi akasirike japo mara moja. Hakukasirika. Mwenye kofia alimbusu mwenye gauni, muziki ukapanda, kitambaa kikawa cheupe.

Hakuna aliyeinuka. Waliketi wakingoja, hadi mzee mkamuaji akasimama na kunigeukia.

"Na kiboko?"

Nyuma, kando ya mashine, tajiri alikuwa akitabasamu, maana alidhani wanataka kuonyeshwa tena. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Ningesema: wazee wangu, niliitunga, nisameheni. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mimi nilikuwa na kazi ya kupoteza.

"Hiyo sehemu haikuja, mzee," nikasema.

Nilidhani nimejitoa. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango wa ukumbi kwa nje. Kila mtu alijua kwamba sinema hupitiwa kwanza na wakubwa Nairobi kabla ya kuonyeshwa mtu mweusi, na kwamba wasichokipenda hukatwa. Hilo lilikuwa kweli, wala halikuwa siri. Kwa hiyo kabla watu hawajafika Bahati, shauri lilikuwa limekwisha: sehemu ya kiboko imekatwa, na wazungu wameificha. Jumatano habari zilikuwa zimefika mashamba ya Mau Narok, tena huko mfanyakazi alikuwa amevunja viboko vitatu. Kulipa ili uone kilichobaki baada ya wazungu kukata ilikuwa ni kukubali kuchezewa. Jumamosi iliyofuata tulimfasiria sinema mtu mmoja, na huyo alikuwa amekimbia jua.

Tajiri aliumiza kichwa. Kwanza alilaumu pareto, kwamba ni msimu wa kuchuma. Halafu akalaumu nyimbo, halafu farasi, kwamba ni wachache. Uvumi ulipomfikia, maskini, aliuchukua kwa uzito wote wa mtu mwaminifu. Aliandika barua Nairobi kuomba kipande kilichopotea. Wakamjibu kwamba hakuna kilichokatwa, sinema ni nzima. Alifurahi, akanituma nizunguke na barua hiyo mashambani niisome kwa sauti.

Niliisoma. Watu waliuliza imeandikwa na nani, nikasema imetoka Nairobi, wakatazamana. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuona mwizi akiandika barua ya kukubali. Tangu siku hiyo hata waliokuwa na mashaka hawakuwa nayo tena.

Ukumbi ulifungwa kabla mwezi haujaisha. Siku ya kuagana tajiri alinipa lile tangazo la karatasi liwe ukumbusho, akaniambia, "Wewe fanya kazi yako vizuri sana. Hawa watu hapana penda sinema, basi." Nililikunja tangazo na kumshukuru. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha, lakini sikumwambia. Alirudia vitambaa vyake na hakuwahi kujua.

Nyumbani sikuweza kuendelea hivyo. Jumapili jioni nilikwenda zizini, nikamkuta mzee anakamua ng'ombe. Nilisimama nyuma yake nikamweleza yote: tangazo, mbuzi, mama mgonjwa, mto, na kwamba kiboko kile hakikuwahi kuvunjwa na mtu yeyote isipokuwa mimi, kwa mdomo. Aliendelea kukamua. Nilifikiri atanifukuza, na ningeona ni haki.

"Kwa hivyo hakuna mtu alikata?" akauliza.

"Hakuna, mzee."

Alikamua mpaka ndoo ikajaa, akaiweka mbali na miguu ya ng'ombe kwa uangalifu aliokuwa nao siku zote.

"Na kama sehemu hiyo ingekuwako," akasema, "wangetuonyesha?"

"Hapana, mzee."

"Basi ilikatwa," akasema, na akanipa ndoo tupu nimsaidie na ng'ombe wa pili.