Mukaba Niliokataa Kufungwa

Baba alikuwa na tumbo lililomutangulia kuingia nyumbani. Wakati ule wa Zaïre, muntu wa tumbo watu walisema anakula vizuri, na Baba, mukubwa wa depo pale bandarini Kalemie, alipenda wamuone hivyo. Vifungo vya abakosti yake, lile koti la wakubwa wa wakati ule, vilikuwa vinaruka, Mama anaviokota chini ya meza, anavishona tena. Mukaba wake wa suruali ulikuwa ngozi ya ng'ombe wa Pepa, kule milimani. Ngozi ya kule juu haichoki, unachoka wewe kwanza. Lakini sikushika kalamu sababu ya ng'ombe.

Mukaba ule ulianzia kwa babu. Babu akafa na ugonjwa wa sukari. Baba mukubwa akaurithi, akafa na sukari bila mutoto wa kiume. Ukafika kwa Baba, naye vile vile. Basi mimi, na darasa zangu tatu za shule, nikajipa jibu: ugonjwa unakaa ndani ya ngozi.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, wazee wanamufunga mutoto mukubwa wa kiume mukaba wa marehemu mbele ya watu wote. Mukubwa ni mimi. Wakaniita. Nikasema kiuno kinaniuma, afungwe mudogo wangu. Uongo mutupu.

Mudogo, anayeniita yaya, ni kusema kaka, akasimama anacheka. "Yaya, unaogopa ng'ombe aliyekufa zamani?"

Wakamufunga. Nikajisikia mwepesi. Haya iko usoni ninapoandika: nilifikiri ninamupa kifo, na nikanyamaza.

Miaka ikapita, mudogo akanenepa. Akaanza kunywa maji ndoo nzima. Siku moja muke wake akaniita nione nyuma ya nyumba: pale anapokojoa, sisimizi wamejipanga, wanafuata sukari. Nikamupeleka dispansere.

Kule mama infirmye, muuguzi wa pale, alikuwa anatia matone ya mukojo ndani ya dawa ya bluu, anachemsha juu ya taa ndogo. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ya mudogo ikageuka rangi ya tofali. Nikalia mbele ya wagonjwa wote, nikatoboa yote: babu, mukaba, uongo wa kiuno.

Mama infirmye akaweka chupa chini. "Papa, hii pua yako nayo ulirithi kwa mukaba?"

Wagonjwa wakacheka.

"Mudogo wako iko na pua hiyo hiyo. Na sukari njo hivyo, inapita ndani ya damu ya jamaa, pamoja na tansyo, presha ya damu, na haya matumbo yenu. Si kila mutoto anaipata. Lakini wa jamaa kama hii akikaa tu, mafuta na pombe kila siku, anaifungulia mulango. Na wewe mukubwa, umepimwa?"

Miaka yote nilijiona nimeponyoka. Akanipa kikopo, nikakigeuzageuza tu bila kukojoa. Mudogo, yeye mugonjwa, njo alikuwa ananituliza: "Kojoa, yaya. Hakuna mukaba humo."

Dawa ikachemka, ikachemka. Ikabaki bluu. Toka siku ile nikipaka mulango wangu rangi, ni bluu. Tansyo tu ilikuwa juu kidogo. Mama infirmye akanikatazia chumvi, akaniambia nirudi mara kwa mara. Mudogo akapewa dawa na masharti ya chakula. "Akisikia maneno, ataishi," mama infirmye akasema.

Njiani nikamuomba musamaha. Akaendelea kutembea mpaka tulipofika kwa wamama wauza samaki wa mikebuka. Akasimama, akafungua mukaba.

"Kiuno kimepona?"

Akanifunga palepale, tundu la tatu, wamama wanashangaa na samaki mukononi. Suruali yake ikaanza kushuka. Akaishikilia mpaka nyumbani, sisi wawili tunacheka mpaka machozi.

Alizeeka, mudogo wangu, mwembamba na mubishi. Mimi ninafunga tundu lile lile la tatu. Likianza kunibana, ninarudi dispansere.