Ngoma Iliyohamia Kifuani

Mbukwenyi, habari zenu jamani. Nimeombwa nisimame hapa kliniki niwatie moyo mnaoanza matibabu. Nimekubali, ila niseme mapema, sijaja na muujiza. Anayetaka muujiza amsubiri msemaji mwingine.

Mimi ni Mama Neema, naishi Zuzu. Nimezaliwa Bahi, kwenye majaruba ya mpunga. Kwetu Wagogo ngoma ya muheme ni ya wanawake. Unaibana katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na kifua chote kinaitikia. Mama yangu ndiye alikuwa anaanzisha, wenzake wanamfuata. Mimi nilikaa kulia kwake tangu sijaota matiti. Nilipoolewa alinipa ngoma yake, akaniambia, "Usiiache ikalegea." Ngozi ikipoa inalegea, unaisogeza motoni mpaka ikaze.

Ugonjwa ulianza kwenye harusi ya jirani. Jua la huku mnalijua. Nilishinda jikoni tangu asubuhi, sikula wala sikunywa, kisha nikaitwa kwenye ngoma. Katikati ya wimbo moyo uliruka. Ukanyamaza kidogo, ukagonga kwa nguvu, halafu ukaanza kukimbia. Mikono ikafa ganzi, midomo ikawa inachoma, tumbo likanikata, nikajikojolea mbele za watu. Nilijua nakufa. Sisemi nilidhani, nilijua kabisa.

Hospitali walinipima malaria, sukari na presha, wakanibandika nyaya kifuani. Daktari akasema, "Mama, moyo wako hauna shida. Umechoka na umekosa maji." Mwingine angefurahi. Mimi nikajiuliza, kama hauna shida, mbona nausikia?

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuja kutoka Bahi kuniona. Akaweka sikio kifuani kwangu, akasikiliza. Akasema, "Ngoma imemwingia huyu. Ameipiga na njaa, mwili ukiwa wazi, mapigo yakahamia ndani." Hakusema kwa ubaya, ananipenda yule mama. Akaibeba ngoma akairudisha Bahi, ili mapigo yaifuate. Mume wangu alikubali, na mimi nilikubali. Mlio kama ule ungetoka wapi kwingine?

Mapigo hayakuifuata ngoma. Nilianza kuyachunga. Nasonga ugali kwa mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili viko shingoni kwenye mshipa. Kila kilichokimbiza moyo nikakiacha. Niliacha kutwanga, nikaacha kubeba ndoo, nikaacha chai. Watu wakichekesha naondoka. Hata mume wangu nilimkataa kitandani, kwa sababu na kule moyo unakimbia. Alivumilia, lakini alikonda. Na jinsi nilivyoupunguzia moyo kazi ndivyo ulivyozidi kushtuka. Ilifika mahali nikiinuka tu kwenye mkeka unaruka.

Halafu ikaja hali ambayo kwangu ilikuwa mbaya kuliko hofu. Nilizimika. Sikusikia njaa, sikusikia kiu, haja ndogo naijua ikishanilowesha. Siku moja niliegemeza mkono kwenye sufuria ya moto, nikashtuliwa na harufu ya ngozi yangu. Kovu ni hili hapa. Mwanangu Neema alikuwa akilia, namwona mdomo unavyofunguka, ndani yangu hakuna kitu. Sikutaka kufa. Nilikuwa sitaki chochote.

Wakati huo mama alinipigia simu. Akasema, "Mwanangu, masikio yananiacha. Njoo unipigie muheme wakati bado nasikia." Nikamjibu nakuja. Zuzu na Bahi si mbali, asubuhi unaondoka, mchana umeshafika. Nikapanda basi, moyo ukaanza, nikashuka kabla halijaondoka. Nikajaribu tena, nikashuka tena, kondakta akanitukana. Mama akawa anapiga simu kuuliza nimefika wapi. Mume wangu ndiye anapokea, mimi nimejifunika shuka.

Kisha mama akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukapinda, maneno yakaisha. Na hata kwa hilo sikuweza kwenda. Watu walisema mengi.

Mume wangu ndiye aliyenileta hapa, karibu kwa kunibeba. Nilimkuta daktari binti mdogo. Alinipa shikamoo, akavuta kiti akakaa mbele yangu. Akaniambia, "Mama, viungo vya ndani vinapeleka habari kichwani muda wote, moyo, tumbo, mapafu. Kichwa ndicho kinachozitafsiri. Chako siku ile kiliogopa sana, sasa kila habari ya moyo kinaipokea kama habari ya msiba. Kinauamuru mwili ukimbie. Mwili ukichoka kukimbia, unajizima." Akautoa mkono wangu shingoni, taratibu. "Na kila ukishika hapa unakiambia kichwa kwamba hatari bado ipo."

Nikamuuliza, "Dawa?" Akanipa vidonge, na kazi. Niukimbize moyo kwa makusudi. Niruke ruke pale pale, niinuke na kukaa haraka haraka, halafu nibaki nausikiliza unavyotulia wenyewe, bila kuushika. Nikamwona mwehu. Nilitapika mbele yake. Nikirudi nyumbani nashinda nimelala, wiki nyingine siji kabisa. Kuna wakati nilikuwa na hali mbaya kuliko kabla sijaanza, na msidanganywe, na ninyi mtapita hapo. Kilichorudi mwanzo ni kiu. Nilisikia kiu, nikalia kwa ajili ya kikombe cha maji.

Siku moja akaniuliza, "Zamani ni nini kilikuwa kinaukimbiza moyo wako ukafurahi?"

Nikasema, "Muheme."

"Iko wapi hiyo ngoma? Nani aliiondoa?"

"Tuliiondoa wenyewe."

Nilipojisikia nikisema hivyo ndipo nikaelewa tulichofanya, tuliikimbia ngoma kama nilivyokimbia chai na ndoo.

Nilipanda basi la Bahi. Moyo ulinigonga njia nzima, viganja vikalowa, nikabaki nimekaa. Nilimkuta mama amelazwa kwenye mkeka, amekuwa mdogo. Nikampa shikamoo, macho yake yako kwenye bati. Mama mkubwa akaitoa ngoma, imelegea kabisa. Tukawasha moto, akaikausha mwenyewe, machozi yanamtoka. Akasema, "Nisamehe mwanangu, nilidhani nakuponya." Nikamwambia, "Mama, hata mimi nilidhani hivyo."

Nikaibana mapajani, nikaanza ule wimbo aliokuwa anauanzisha mama yangu. Moyo ukaruka, mikono ikafa ganzi, yote yakaja kama siku ile ya harusi. Sikuacha. Nilipiga mpaka jasho likaingia machoni. Nilikuwa namwangalia mama, nangoja hata kope. Nilipomaliza nilifanya kitu nilichokatazwa. Nikaweka vidole kwenye mshipa wa mkono wake, nione kama moyo wake umenifuata. Ulikuwa unakwenda polepole, vile vile kama nilivyoukuta.

Kwa hiyo sijui kama alisikia. Mganga wa zahanati ya kule anasema huenda, na huenda hapana. Naenda kila nikipata nafasi, nampigia, hajawahi kugeuza macho. Moyo wangu nao bado unanishtukia sokoni na kanisani. Tofauti ni kwamba sasa nausikia na naendelea kununua nyanya.

Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, na huyu binti aliyekaa pale nyuma, ambaye hapendi kusifiwa. Ninyi kuleni, kunyweni maji, toeni vidole shingoni. Na mwenye mama ambaye bado anasikia, usingoje moyo utulie ndipo uende. Nenda nao hivyo hivyo unavyokimbia.