Fundi Saa na Paa Lililogoma

Mtaa mzima ulijua kwamba fundi saa ana gari la kifahari, na mtaa mzima ulijua kwamba gari lenyewe haliendi popote. Injini ilikuwa nzima, tusiisingizie. Ukiiwasha ilinguruma kwa adabu, taa zikawaka zote, na viti vya ngozi, ingawa vimepasukapasuka, bado vilinukia pesa za watu wengine. Tatizo lilikuwa paa. Lilikuwa paa la turubai, lile la kujikunja lenyewe ukibonyeza swichi, na siku moja, miaka mingi kabla fundi hajalipata, lilinyanyuka, likafika nusu ya safari, likagoma hapo hapo. Haliko wazi, halijafungwa. Limebaki limeinuka juu kama mtu aliyetaka kupiga chafya ikamkimbia. Mvua ikinyesha maji yanajaa ndani, ndiyo maana majirani wakalipa jina la Bafu.

Fundi naye alikuwa na jina lake la mtaani, Dakika. Ukimpelekea saa asubuhi ukamwuliza itakuwa tayari lini, alikujibu bila kuinua kichwa, "Dakika tu," na dakika yake ilikuwa siku tisa. Lakini saa ikitoka mikononi mwake ilikuwa imetoka. Kwa miaka thelathini na minane alikaa kwenye kibanda kando ya mlango wa duka la viatu, kibanda ambacho mtu mnene asingeweza kugeuka ndani yake, kioo kimembana jichoni, kibanio mkononi, anang'oa na kupachika vyuma vidogo kuliko punje ya ufuta. Hajawahi kubakiwa na skrubu. Mafundi wengine wakimaliza kazi hubaki na skrubu moja au mbili mezani, wakazitupa kwenye kopo na kusema hazikuwa na kazi. Dakika alikuwa akisikia habari hizo anatikisa kichwa, kama anasimuliwa mauaji.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Kidogo tu, wa kushoto kwanza, halafu wa kulia nao ukaiga. Daktari akampima, akampapasa, akamwambia ni umri, hauna dawa, ashukuru si kitu kibaya zaidi. Mtu wa kazi nyingine angeshukuru kweli. Dakika alirudi kibandani, akadondosha kigurudumu cha saa ya mteja wa miaka mingi, akakitafuta sakafuni kwa magoti siku nzima asikione. Jioni ile akafunga kibanda, na funguo akampa mwenye duka la viatu.

Gari alilipata wiki mbili baadaye, na ukitaka kujua kwa nini mtu asiye na kazi anachukua mzigo kama ule, jibu ni kwamba hata yeye hakujua. Wakili mmoja mzee, mteja wake wa saa ya dhahabu, alikuwa anahamia kwa watoto wake nchi ya mbali. Akamwita nyumbani, akamwonyesha lile gari limefunikwa uani, akamwambia, "Chukua. Mafundi wote wameniambia haiwezekani. Wewe katika maisha yako hujawahi kuniambia neno hilo." Paa likiwa limeinuka vile haliendesheki barabarani, basi likavutwa kwa kamba hadi kwa Dakika, watoto wa mtaa wakilisindikiza kwa vigelegele.

Mkewe alilipokea kama unavyompokea mgeni ambaye hajasema ataondoka lini. Yeye alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke wa sufuria ambazo mtu anaweza kuogea ndani, wa miko mirefu kama makasia. Amezoea kulisha vinywa mia nne na kupiga kelele ajulikane alipo. Mume wa vyuma vya ufuta na mke wa sufuria za kuogea, na bado waliishi vizuri miaka yote ile, labda kwa sababu mmoja aliongea na mwingine alinyamaza.

Mwaka mzima alilivumilia Bafu. Alilizunguka akienda kuanika nguo, alilizunguka akirudi. Jumapili moja akiwa analizunguka goti lake likagonga bampa, na hapo ndipo akakata kauli.

"Baba watoto," akasema, "huyu mdogo wangu dalali amepata mtu. Atakuja Jumamosi mchana. Yuko tayari kulichukua hivi hivi lilivyo, akalichinjechinje auze vipande."

"Alichinjechinje?"

"Ndiyo. Mlango huku, kiti kule. Kwani wewe umelifanyia nini mwaka mzima? Unakaa tu humo ndani unaitazama mikono yako."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Alikuwa na tabia ya kuketi kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, akiitazama inavyocheza. Hakuna aliyejua alichokuwa akijiuliza, lakini mimi nitakuambia. Alijiuliza kama yeye bado ni fundi, au ni mzee mmoja tu ambaye zamani alikuwa fundi. Swali hilo lilimnyima raha kuliko ugonjwa wowote.

"Likipona kabla ya Jumamosi?" akauliza.

"Likipona!" Mkewe akacheka. "Likipona nitavaa gauni langu la buluu unizungushe mji mzima."

Jumapili ileile akaanza. Na alianza kwa namna anayoijua yeye. Akaomba trei za mayai kutoka jikoni kwa mkewe, akazipanga barazani, na kila alichokifungua kwenye gari akakiweka kwenye shimo lake, na karatasi yenye namba, na mchoro kwenye daftari. Pampu ya kusukuma paa ilikuwa ndani ya buti, chini ya zulia lililooza. Kutoka pale mipira myembamba inapeleka mafuta kwenye mitungi miwili ya chuma, mmoja kila upande, na mafuta yakisukuma mitungi, mitungi inasukuma paa. Akaikuta mipira imekauka na pete za mpira ndani ya mitungi zimeliwa zote. Mafuta ya zamani yalikuwa meusi, yananuka. Akayamwaga, akasafisha kila tundu kwa pamba. Jumatatu akanunua mipira mingine, akatafuta pete mpya, maduka sita, hadi akazipata kwa muuza vipuri vya matrekta, akazipunguza kwa wembe mpaka zikakaa.

Mikono ilitetemeka, ndiyo. Lakini spana si kibanio. Spana ukiishika inakushika nawe, na nati kubwa haijali kama kidole kinacheza. Jumatano usiku mkewe alimsikia anapiga mluzi kwenye chakula. Akamwongezea mchuzi.

Ijumaa alasiri kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, trei zote tupu, hakuna skrubu iliyobaki. Majirani watatu wakaja kusimama ukutani bila kualikwa. Dakika akaketi, akabonyeza swichi. Pampu ikalia. Paa likatikisika, likapanda kama shibiri moja, kisha pampu ikapiga kelele ya paka aliyekanyagwa mkia, na paa likarudi pale pale kwenye chafya yake.

"Bafu ni bafu tu," jirani mmoja akasema, wakatawanyika.

Akafungua tena. Alifungua kila kitu, kuanzia namba moja, akakagua kila pete, kila mpira, kila waya. Hakuona kosa. Akafunga tena. Jumamosi saa tatu asubuhi akabonyeza tena swichi, na paka akakanyagwa tena. Safari hii hakufungua. Akaketi kwenye ukingo wa buti, mgongo umepinda, na jibu la lile swali lake likamjia lenyewe, na halikuwa zuri. Mzee mmoja tu. Alitaka kulia lakini kulikuwa na mchana mweupe na majirani.

Mkewe alirudi kutoka shuleni, ameshawapa wanafunzi uji wao. Alipomwona ameketi vile hakumtania. Akaja, akaanza kuokota vitu vyake vilivyotapakaa, matambara, bisibisi, kopo la mafuta ya pampu. Alipoliinua lile kopo akasimama. Akalipandisha na kulishusha mara mbili. Mkono wake ulikuwa umepima mafuta ya kupikia miaka ishirini na saba, haukuhitaji mizani.

"Hili kopo ni jipya?"

"Nimelifungua Alhamisi."

"Mbona limejaa?"

"Nimeshatia."

"Umetia kiasi gani?"

"Kiasi chake."

"Baba watoto, kiasi gani?"

Dakika akanyoosha kidole kwenye trei ya mwisho. Pale palikuwa na bomba la sindano, lile la kupigia dawa, safi, limepanguswa. "Mawili," akasema. "Mabomba mawili kamili. Na nusu."

Mkewe akalitazama bomba. Akaitazama mitungi, na mipira mirefu inayozunguka gari zima, na lile paa kubwa. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, ikabidi aweke kopo chini ashike gari asianguke.

"Usicheke," Dakika akasema. "Mafuta mengi ndiyo adui wa kwanza wa mashine. Saa nyingi nimeletewa zimekufa kwa sababu mjinga mmoja alizimwagia mafuta. Tone. Tone moja kwa ncha ya sindano. Na haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba, ndiyo!" Machozi yalikuwa yanamtoka mama wa watu. "Hiki ni kibaba? Hili ni pipa, mume wangu! Unataka kukaangia watu mia nne kwa tone?"

Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Miaka thelathini na minane ilikuwa imeufundisha mkono wa Dakika kwamba mafuta ni kitu cha kuogopwa, na mkono ukatii bila kumwuliza mwenyewe. Tangi dogo la pampu lilikuwa na mstari wa kuonyesha kiasi, lakini plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa uzee, mstari hauonekani, na yeye akaamini anachokijua. Alikagua pete zote na waya zote. Mafuta hakuyakagua, kwa sababu upande huo alikuwa na uhakika.

Mkewe hakuomba ruhusa. Akafungua kifuniko cha tangi, akainamisha kopo, akamimina kama anavyomimina kwenye sufuria zake, bila woga. Dakika akafumba macho.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Pampu ikakoroma, mapovu yakapanda tangini, mafuta yakashuka yote. Akamimina tena. "Bonyeza." Wakaenda hivyo mara nne, yeye anamimina, mumewe anabonyeza, na kila mara ile kelele ya paka ikazidi kuwa nzito, hadi ikawa mngurumo mmoja mtulivu. Kisha paa likanyanyuka. Lilinyanyuka polepole, likanyooka, likapita juu ya kichwa cha Dakika, likajilaza mbele juu ya kioo na kujifunga lenyewe kwa mlio mdogo. Akabonyeza upande wa pili. Likafunguka, likajikunja nyuma, jua likamwangukia usoni. Alifunga na kufungua mara saba. Hakuna aliyemhesabia isipokuwa jirani mmoja, ambaye baadaye alisema ni kumi.

Mkewe akaingia akaketi kando yake, kopo tupu mapajani.

"Mimi sikulichoka gari," akasema, kwa sauti ndogo ambayo shuleni kwake hakuna anayeijua. "Nilichoka kukuona hivyo. Nikasema bora liondoke, labda na hayo mawazo yataondoka nalo."

Dakika akaushika mkono wake, wenye mafuta hadi kwenye kiwiko. Kisha mkewe akakumbuka gauni la buluu, akakimbia ndani.

Walizunguka mji mzima, paa wazi, kitambaa cha mkewe kikipepea hadi kwenye kiti cha nyuma. Waliporudi, yule mdogo mtu, dalali, alikuwa anangoja langoni na mnunuzi, bwana mfupi mwenye magari ya kukodisha kwa harusi. Mnunuzi alipoliona gari linaingia limefunguka vile, alisahau kusalimia. Akaingia kwenye buti hadi kiunoni. Alipotoka, bei ilikuwa imepanda, na dalali alikuwa anatabasamu kwa meno yote.

"Haliuzwi," mkewe akasema.

"Linauzwa," Dakika akasema.

Wote wakamgeukia.

"Mama, mimi katika maisha yangu sijawahi kubaki na saa niliyoiponya. Ikipona naipangusa, naikabidhi. Ndiyo kazi." Akachukua tambara, akaupangusa usukani taratibu, akautoa ufunguo.

Mnunuzi akaupokea, lakini hakuondoka. "Shemeji yako hapa aliniambia nakuja kuchukua vyuma chakavu. Nani amefunga ile pampu? Kila nati imekaa."

"Huyo huyo unayemtazama," mkewe akasema.

"Basi mzee, mimi nina mengine mawili, paa zimekufa. Gereji zimenishinda. Wakifungua wananirudishia gari na mfuko wa skrubu. Utaniwezea?"

Uso wa Dakika ukang'aa, halafu ukafifia. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli huo ulikuwa umeshamgharimu kibanda. Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya mgeni, ikiwa inacheza.

"Lazima ujue hili kabla, bwana. Mikono yangu inatetemeka."

Mnunuzi akaitazama mikono. Kisha akaingia ndani ya gari, akabonyeza swichi, akalitazama paa linavyopanda na kujilaza.

"Paa linatetemeka?"

"Hapana."

"Basi nayaleta Jumatatu."

Dakika akainama haraka, akajifanya anafunga kamba za viatu, na akakaa huko chini muda mrefu. Mkewe, aliyeona wazi kwamba amevaa ndala, akamwambia mgeni Jumatatu ni siku nzuri.