Barafu ya Mia

Mimi ni mtu wa ndani. Nasema mapema ili msinitafute barazani. Watu wa Tanga jioni hutoka kupunga upepo. Mimi hupungwa na feni. Mtaani wananiita mwali, mwanamume mzima mimi, na shangazi yangu akipita dirishani huuliza kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, "Huyu tunamtoa lini?" Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwa mama, nikakaa. Hapo historia yangu ya kazi ilikuwa imefika mwisho.

Basi shemeji yangu, mume wa dada, alipokuja kushusha friza lake kuukuu ukumbini kwetu, nilishukuru mpaka akaona haya. Yeye ana duka Horohoro, na miaka yote alikuwa akinitaka nikabebe katoni huko mpakani.

"Uza barafu," akaniambia. "Nakupa mpaka masika. Likijilipia umeme na kubakiza chochote, kaa na mama yako mpaka uote mizizi. Lisipobakiza, nalipakia garini, na wewe juu yake."

Nikasikia baridi kabla friza halijachomekwa. Kuondoka nyumbani! Niache chumba changu, feni yangu, na kahawa ya mama ya alasiri?

Nikavuka barabara kumwona bibi aliyekuwa akiuza barafu ng'ambo.

"Shikamoo bibi. Barafu mnauza bei gani?"

"Marahaba. Mia. Ulidhani dhahabu?"

Nikarudi, nikaandika kwa chaki mlangoni: Barafu ipo, mia. Kaskazi ile joto lilikuwa la kuyeyusha sabuni kwenye kisahani. Watu walibisha tangu asubuhi, wa juisi, wa maji ya kunywa, wa samaki, nami nawahudumia kutoka kwenye kiti. Kila siku vifuko viliisha. Nikaona kumbe nilizaliwa kwa ajili ya kazi hii. Moyoni nikaanza kujiita kampuni.

Kampuni ikaamua kupandisha bei. Nikafuta mia, nikaandika mia na hamsini, nikakaa kungoja faida.

Hakubisha mtu. Nilidhani watapungua kidogo. Walikatika kama maji ya bomba. Hata mmoja! Nikachungulia dirishani, na nilichokiona sijakisahau: mama yangu mzazi anavuka barabara kutoka ng'ambo, kitu kimetuna chini ya kanga.

"Mama! Friza si liko ukumbini?"

"La kwako mia na hamsini, mwanangu. Mimi mjane."

Kweli, siku mbili kabla nilikuwa nimemwambia biashara haina undugu. Sikujua ananisikiliza.

Nikarudisha mia, lakini sikukoma. Nikaongeza maneno mlangoni: barafu ya maji yaliyochemshwa. Mteja wa kwanza akasoma yote, taratibu, akanitazama. "Ikishayeyuka, itaniambia ilichemshwa?" Akanipa mia yake, akaenda zake.

Nikajaribu upande wa pili. Hamsini! Kabla ya adhuhuri friza tupu, nami kifua mbele, nikaenda kumtambia bibi kwamba nimemaliza mzigo wote.

"Na kwa mia ulikuwa ukibaki nao?" akauliza.

Nikapiga hesabu palepale mlangoni kwake. Nilikuwa sibaki nao. Kwa mia nilikuwa nauza vyote vilevile, na sasa nimeuza vyote kwa nusu, na umeme wenyewe unakaribia kukatika. Hasira zikanipanda.

"Nyie mna kikao," nikamwambia. "Mlikaa wapi mkapanga hiyo mia?"

Bibi akacheka mpaka akashika nguzo. "Kikao? Mimi na yule muuza barafu wa mlango wa kijani hatusemezani tangu arusi ya bintiye, aliponipa pilau isiyo na nyama. Leo nikae naye kikao cha barafu?"

Nikaangalia ule mlango wa kijani. Mia. Mahasimu wawili, hawapeani hata salamu, na bei yao ni moja, haipishani hata senti. Hapo ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa biashara. Alipofika kwenye soko la ushindani kamili alichora ubaoni mstari wa bei ya muuzaji mmoja, umelala moja kwa moja kutoka ukuta hadi ukuta. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa ananichora mimi: mtu aliyelala, ambaye akiinuka anaachwa peke yake, akishuka anajipunja.

Na balaa bado. Majirani walikuwa wamenitazama nikiuza huku nimekaa, wakaambiana kama mwali anaiweza kazi hii, nani hataiweza? Mafriza yakaanza kushuka mtaani moja baada ya jingine. Chaki zikajaa milangoni. Mia ilibaki mia, ila asubuhi moja mlango wa kijani akaja na kifuko kinene zaidi, na kufikia jioni vifuko vya mtaa mzima vilikuwa vimenenepa, changu kikiwemo. Nani alituamuru? Hakuna.

Mawingu ya masika yalipokusanyika, shemeji akaja. Akauliza umeme, nimelipa. Tulikula? Tulikula. Kimebaki nini?

"Hakuna," nikasema. "Lakini shemeji, mtaa huu hakuna mwenye kitu kilichobaki. Tunapata kula tu."

"Wote hawa?" Akatoka nje, akahesabu milango kwa kidole, akarudi amekunja uso kama aliyeona jini. "Sasa wanahangaikia nini?"

Friza likapakiwa. Horohoro akaighairi, akasema mafriza ya huko yanatosha. Tutakwenda Moa, wenye samaki wanalilia barafu. Mimi nikapanda juu na kibegi changu, nikingoja mtaa utoke kuniaga. Wateja wangu walifika mlangoni, wakakuta pamefungwa, wakavuka barabara bila hata kuguna. Bibi akapaza sauti, "Shemejio kakuletea friza lingine?" Na mama, machozi hayajakauka, alikuwa tayari na bakuli anaelekea ng'ambo. Mia. Bei haikutikisika hata kidogo kwa kuondoka kwangu. Nilijua mimi ni mdogo. Sikujua kwamba sionekani.

Moa niliandika mia mbili, na watu wakapanga foleni. Nikapata kiti, kivuli, hata feni. Nikaanza kuota mizizi.

Juzi ilikuja bodaboda, friza limefungwa kamba nyuma yake, na mwenyewe analishikilia ubavuni. Wakasimama mbele yangu.

"Samahani kaka," akasema, "barafu hapa mnauza bei gani?"