Fundi Kisigino na Hija ya Miaka Tisa

Saa kumi na mbili asubuhi. Mahujaji wanapita wakiimba, na Fundi Kisigino anapapasa bega lake la kushoto, mahali mkoba wa vifaa unapokaa. Haupo. Mkewe ameuficha tangu jana.

"Leo unatembea kama watu wengine," mama huyo anamwambia. "Mikono mitupu."

Fundi ana miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza akishona viatu katika kibanda cha mabati nyuma ya stendi. Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa mji inapowadia, waumini hutembea kilomita ishirini na nne hadi kanisa kuu. Miaka tisa iliyopita mkewe alilazwa miezi miwili, hali ikawa mbaya. Fundi akaweka nadhiri: akipona, atakwenda kushukuru kwa miguu mpaka mbele ya altare.

Mama akapona. Fundi hajafika hadi leo.

Si uvivu, jamani! Kila mwaka anatoka na mkoba, "wa tahadhari tu," na kila mwaka kandambili ya mtu inakatika njiani. Anapiga goti, anashona, bure. Akiinua kichwa, foleni. Misa inaanza na kwisha yeye yuko darajani, kilomita sita kutoka kanisani, uzi mdomoni.

"Nikimwacha mtu pekupeku kwenye lami ya moto, huko mbele nitaomba nini?" anauliza.

Mkewe hataki kusikia. "Ahadi ni deni, baba. Aliyeahidi ni wewe, lakini aliyepona ni mimi. Naogopa. Naona kama nimepona kwa mkopo."

Mpaka darajani mambo yanakwenda salama. Hapo kiatu cha sista mmoja mzee kinaachama, soli inaning'inia. Fundi anasimama. Anajipapasa tena bega, kisha anamtazama mkewe kama mtoto aliyenyimwa uji.

Mama anafungua pindo la kitenge. Sindano, uzi, kipande cha nta.

"Kumbe unavyo!" Fundi ananyoosha mkono.

"Toa mkono wako hapa. Miaka yote nakuletea chakula kibandani, ulidhani naangalia sufuria?" Anakaa kwenye ukingo wa daraja, anakipokea kiatu. "Leo fundi ni mimi. Nenda."

Fundi anakwenda. Anageuka mara tatu, na mara zote anaoneshwa kidole: mbele!

Misa imeshaanza anapoingia. Watu wanapiga magoti, naye anapiga lake, na mbele yake safu nzima ya soli imemgeukia. Anaitambua mishono yake. Huu wa mwaka jana, ule wa mwaka juzi.

"Nililia," anasema bila aibu. "Nikasema, kumbe mimi si mgeni sana humu."

Alasiri anamkuta mkewe palepale darajani, vidole vimetobolewa na sindano, jozi kumi na saba zimekwisha kushonwa. Mpango wa mwakani Fundi anao tayari.

"Nadhiri yangu nimeitimiza. Lakini aliyepona ndiye hajaingia kanisani kushukuru," anasema. "Mwakani mkoba ni wangu, daraja ni langu. Yeye aende."

Kisha anamwinamia mkewe. "Yule sista alikuja kupiga magoti mbele yangu. Mshono wako umekwenda kombo, mama."

"Lakini ulifika?"

"Ulifika."