Nilivyowalisha Chatu wa Mabwana

Siku ya kwanza nilikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Tarime, kutafuta kazi ya koleo. Ilikuwa miaka ya hamsini. Karani aliyeandikisha watu aliniuliza najua kazi gani. Nikamjibu ukweli: kuchunga, kulima na kutega panya. Akacheka hadi akaweka kalamu chini, kisha akapaza sauti kuelekea ofisini, "Bwana! Mtu wako amepatikana!"

Hivyo ndivyo nilivyokosa koleo. Bwana Mpima, mkuu wa upimaji, alifuga nyoka nyumbani kwake kama wengine wanavyofuga mbwa: chatu mmoja mnene kuliko paja langu, na nyoka wawili wadogo wasio na sumu. Walikaa kwenye vizimba, yaani masanduku ya mbao yenye waya wa kuku upande wa mbele. Alitaka wapewe chakula kilicho hai tu, panya kwa wale wadogo na kuku kwa chatu.

"Nyoka akipewa mzoga anakuwa mvivu," aliniambia.

Nilitaka kumuuliza mvivu wa kazi gani, lakini ilikuwa siku yangu ya kwanza.

Vijana hudhani kazi ile ilikuwa kutupa panya na kuondoka. Panya nilimtega kwa chungu. Unakizika hadi shingoni kando ya shamba la mtama, unatia ugali ndani na kupaka mafuta mdomoni, ili akishaingia asiweze kupanda. Humpigi, maana panya asiyetembea nyoka hamjali. Na humwachi kizimbani na nyoka aliyeshiba. Panya naye ana meno, na akikaa humo na njaa ataanza kutafuna mgongo wa nyoka. Nilimweleza Bwana Mpima jambo hilo zaidi ya mara moja. "Mwache, atakula kesho," akasema. Kesho yake nyoka mmoja alikuwa na kidonda mgongoni, na aliyefokewa ni mimi.

Halafu kulikuwa na wageni. Chatu akimeza kuku anakaa wiki kadhaa bila kutaka kitu, lakini wageni wa Bwana walikuja kila Jumamosi kumtazama akila. Nilisimama mbele yao na kuku kwapani nikieleza kwamba chatu ameshiba, nao wakanitazama kama mimi ndiye niliyekula.

Wenzangu hawakuwa afadhali. Nikikaa kula nao, mmoja aliuliza, "Mwita, umenawa?" Nikisema nimenawa, mwingine alisema, "Nawa tena." Karani aliniita Bwana Panya mpaka jina likashika, na hata siku ya mshahara nikaitwa kwa jina hilo.

Bwana Mpima alipomaliza mkataba akarudi kwao. Nyoka wake alimwachia Bwana Mhandisi wa machimbo, na mimi nikaachwa pamoja nao. Hakuna aliyeniuliza. Mhandisi alihamishiwa kambi ya barabara upande wa Serengeti, si mbali na Kenyamonta. Tukapakiwa kwenye lori, vizimba na mimi nyuma, na dereva akaendesha safari nzima mlango wake ukiwa wazi, tayari kuruka.

Huko ndiko nilikomchumbia Bhoke. Yeye alikubali, na mazungumzo ya ng'ombe yalikwenda vizuri, hadi baba yake, Mzee Nyamhanga, aliposikia ninafanya kazi gani. Akaniita.

"Mura, kijana wangu, wako watu wanaofuga nyoka ili wawaletee mali. Na nyoka hao huanza kwa kula watoto wa nyumba ile ile. Bhoke sitamtoa awe kitoweo."

"Ni nyoka wa Bwana, baba. Mimi ni mfanyakazi tu."

"Wote husema hivyo."

"Wote nani, baba? Nchi nzima hii mlisha nyoka ni mimi peke yangu!"

"Basi nitakuja mwenyewe nione ni wa nani. Nikiona ni wako, usikanyage tena hapa kwangu."

Hapo nikachoka. Nifanye nini? Nikimshika chatu kwa ustadi, mzee atasema tunaelewana. Nikikataa kumshika, Bwana atanifukuza. Nikaomba tu aje siku ambayo hakuna kulisha.

Alikuja siku hiyo hasa. Chatu alikuwa karibu kujivua gamba, na wakati huo macho yake huwa meupe kama yametiwa maziwa, haoni vizuri, hali chochote na ana hasira. Mimi nilikuwa nimekwenda kukagua vyungu vyangu. Mzee alikuwa amebeba jogoo mwekundu wa kumpelekea dada yake aliyeolewa mbele kidogo ya kambi. Bwana Mhandisi alipomwona mtu langoni na jogoo, akadhani ni muuzaji wa chakula cha chatu kama wengine waliokuja kila wiki. Akamtia shilingi mkononi, akamchukua jogoo na kumsukumia kizimbani.

Niliporudi nilimkuta Mzee Nyamhanga amesimama mbele ya waya, shilingi kwenye kiganja kilicho wazi.

"Shikamoo, baba."

"Huyo ni jogoo wa dada yangu," akasema, bila kuitikia.

"Mwita!" Mhandisi alikuwa na furaha tele. "Leo chakula kimejileta!"

"Bwana, hali huyu. Tazama macho. Na jogoo ni wa mzee, hakuwa anauza."

"Nimemlipa. Subiri, atakula."

Jogoo akaanza kumdonoa chatu mgongoni. Chatu akakunja shingo. Mzee akanigeukia. "Kama ni mfanyakazi tu," akasema, "nitolee jogoo wangu."

Kawaida ningemfunika chatu kichwa kwa gunia kabla ya kuingiza mkono. Gunia lilikuwa stoo. Bwana akipaza sauti "Nimesema subiri!", nikafungua kizimba, nikamshika jogoo miguu, na kabla sijamtoa chatu akanirukia na kuniuma mkono wa kushoto. Meno yake yamepinda kuelekea kooni, kwa hiyo ukivuta unajichana. Nilijua hivyo. Nikavuta, tena kwa kelele ambazo nadhani zilifika Kenyamonta.

Nilipomtazama Mzee, alikuwa anacheka, jogoo kifuani.

"Amemuuma! Nyoka wa mtu hamuumi mwenyewe. Si wake! Haya mura, funga hiyo damu, uje nyumbani tumalize habari ya ng'ombe."

Akamrudishia Mhandisi shilingi yake na kuondoka. Mhandisi naye akasema mtu asiyesikia amri na asiyejua kushika nyoka hamfai, akanipeleka stoo ya misumari na saruji. Nilikaa stoo, chini ya mabwana stoo mmoja baada ya mwingine, mpaka nikastaafu. Misumari hailishwi, na hakuna aliyeniambia ninawe tena.

Sasa ninaishi Turwa na mke wangu. Wajukuu wakileta rafiki zao, Bhoke mwenyewe hunikunja mkono wa shati awaonyeshe kovu, na anasimulia vizuri kuliko mimi. Wote huulizia siku ile niliyofanya kazi vibaya. Miaka yote niliyowalisha nyoka wale bila kuumwa hata mara moja, mpaka leo hakuna aliyeiulizia.