Mwendo wa Kauboi

Mwaka wangu wa kwanza Dubai nilimtunza bibi mmoja wa Kizanzibari, kule Deira. Tangu afiwe na mumewe alikuwa hasemi sana. Alasiri moja runinga ikaonyesha sinema ya zamani ya kauboi, naye akaketi wima.

"Stelingi huyu, mwanangu, alianza kazi kwa kuangushwa na farasi badala ya waigizaji wenye majina. Kavunjika mbavu, hakuacha. Umaarufu ulimkuta mtu mzima. Mume wangu akimwiga mwendo kila tukitoka sinema, Unguja."

"Alitembeaje, Bibi?"

Akainuka, akashika kiuno, akavuka sebule miguu kaitanua. Tulicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hivyo hivyo," akasema, akiyafuta kwa upindo wa kanga. "Na mimi nikimwonea haya mbele za watu."